Sekunde Ishirini

Daktari wa Stara Zagora hakuandika kidonge.
Aliandika chupa nne, ndogo kama vidole vya mtoto:
waridi, limau, mkaratusi, karafuu.
"Kila moja sekunde ishirini, asubuhi na usiku,
miezi sita, pengine zaidi.
Asipake, asinywe. Anuse tu,
na akinusa, ajitahidi kukumbuka."

Mama alicheka kicheko kikavu.
Waridi! Mimi niandikiwe waridi!
Miaka thelathini na mmoja alisimama
kando ya mitungi ya shaba ya kukenekea mafuta
kiwandani nje ya Kazanlak,
na pua yake ndiyo iliyokuwa mizani.
Gunia lililochumwa alfajiri, gunia lililochumwa saa nne,
aliyatenga kabla hayajafunguliwa.
Mchuuzi aliyeghushi
alirudi mlangoni hajamaliza salamu.

Kisha ile homa ya Februari.
Siku tisa kitandani; ya kumi akaamka mzima,
akateleka maharage,
akakaa sebuleni kufuma soksi.
Mimi harufu ya kuungua ilinipokea ngazini.
Nilimkuta ametulia, midomo ikihesabu mishono.
"Mbona umekunja uso, Zlatina?"

Ndipo tukajua.

Sasa tunakaa mezani, saa ya ukutani mbele yetu.
Nafungua ya kwanza. "Waridi," namwambia.
Anafumba macho
kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani.
"Maji," anasema.
Limau: maji.
Mkaratusi: "Maji baridi. Yananichoma kidogo, lakini maji."
Karafuu: maji.
Naandika. Maji, maji, maji, maji.
Machi yote, daftari langu ni mto.

Na kwenye ule mto mwingine, wa kulalia,
nilidondosha matone mawili ya lavenda
kwa ushauri wa Dobrina wa ghorofa ya chini.
Usingizi ulikuja, ila ulinikosea mlango:
nililala mimi, kitini, na viatu vyangu.

Aprili, waridi likarudi.
Lilirudi limevaa nguo za mwizi.
"Tairi!" Mama akaisukuma chupa. "Mpira unaungua!"
Daktari alishangilia kwenye simu:
"Vizuri sana! Neva zinajifunza upya, na kwanza zinakosea,
kama mtoto anayeita kila mnyama mbwa."
Mama hakushangilia. Alikaa na leso puani,
akasema polepole, si kwangu,
afadhali mpenzi asirudi
kuliko arudi na uso wa mtu mwingine.

Karafuu ndiyo iliyorudi na uso wake.
Sekunde ya kumi na nne, nilikuwa nikihesabu,
Mama akashika shavu.
"Jino. Jino la nyuma.
Baba ana pamba kwenye kijiti,
ananiambia uma, Stoyanka, uma, itakwisha.
Koti lake linanuka kondoo."
Karafuu haioti kwetu.
Sijui ilivuka bahari ngapi
kulifikia gego la msichana wa miaka saba,
ikajibanza humo miaka sitini na sita
ikingoja kuitwa.
Hatukufika ishirini. Siku ile sikuandika kitu.

Mei. Wachumaji wametangulia jua,
mifuko kiunoni, umande hadi magotini.
Ameomba nimpeleke ukingoni mwa shamba.
Anainama juu ya kichaka, anavuta pumzi,
nami nahesabu bila kutumwa.
Anakunja uso.
"Bado tairi," anasema. Anavuta tena.
"Ila sasa la baiskeli. Jana lilikuwa la lori."
Anachuma moja, analitia mfukoni mwa aproni
iliko ile chupa ya karafuu,
anaishika mkono wangu baridi.
"Twende nyumbani. Hatujafanya ya asubuhi."